Mwalimu Peris Kageha na Majoho ya Nusu Jumapili

Tarehe 28 Novemba mwaka huu, Mwalimu Peris Kageha, mkuu wa idara ya ushonaji katika Chuo cha Ufundi Lukhaya, anastaafu baada ya kututumikia kwa miaka thelathini na miwili. Wakuu wa chuo wanne wamekuja na kuondoka akiwa hapa. Paa la karakana yake limebadilishwa mara mbili. Yeye hakubadilika, isipokuwa sauti yake, ambayo wanaomfahamu tangu mwanzo wanasema imeongezeka.

Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa sababu karakana yangu ya uchomeleaji inapakana na yake, na kati yetu kuna ukuta wa mbao tu. Kwa hiyo miaka mingi nimefundisha kuunganisha vyuma huku nikisikiliza namna ya kutia zipu. Naamini leo naweza kutia zipu. Wanafunzi wangu kadhaa nao wanaweza, na mmoja aliacha kuchomelea akahamia upande wa pili wa ukuta.

Mwalimu Kageha alizaliwa upande wa Maragoli, binti wa fundi viatu. Alijifunza kushona kwa shangazi yake kabla ya kwenda chuoni, na alipoajiriwa Lukhaya alikuja na cherehani yake mwenyewe juu ya baiskeli, kwa kuwa alikuwa ameambiwa kwamba za chuo zina tabia mbaya. Unyenyekevu si miongoni mwa sifa zake. Akimaliza nguo nzuri huisifu mwenyewe, polepole, akitaja kila pindo, kwa sababu anasema wateja wengine hawana macho. Asiyempenda siku ya kwanza humpenda siku ya tatu. Siku ya pili huwa ngumu.

Zaidi ya cherehani, mama huyu alipenda Kiingereza, na alikuwa na nadharia yake. “Kiingereza,” alizoea kutuambia wakati wa chai, “ni Kiswahili kilichovaa tai. Unatoa neno moja, unaweka lingine, unafunga tai, umemaliza.” Hakuna aliyebishana naye. Mwalimu Kageha akiwa na kikombe mkononi habishiwi.

Dalili ya kwanza kwamba tai hiyo imefungwa vibaya ilionekana mapema. Jora la kitambaa, lile lililokunjwa dukani kwenye ubao, kwa Kiingereza huitwa “bolt”. Hilo alilisoma kwenye jarida la mitindo, na safari hii alikuwa sahihi kabisa. Siku moja, mbele ya mkuu wa chuo wa wakati ule, akamwagiza mtunza stoo wetu, Bwana Weldon Wandera, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: “Wandera, ukienda Kakamega niletee ‘bolts’ sita, nyeupe, zile nzito.” Wandera, ambaye kabla ya kuja kwetu alikuwa fundi wa baiskeli, aliondoka kwa furaha. Hatimaye ameagizwa kitu anachokijua. Jioni akarudi na mfuko unaogongana ndani, akauweka juu ya meza ya kukatia nguo.

“Madam, nyeupe zilikosa,” alisema kwa heshima, “lakini hizi ukizisugua na mafuta zitang'aa.”

Wiki hiyo darasa la ushonaji lilijifunza kushona vifungo tu. Sisi wa uchomeleaji hatukulalamika. Bolti hizo zilitufaa mwaka mzima.

Tuliyacheka mambo haya kwa muda mrefu. Kisha, mwaka 2016, yakaacha kuchekesha. Mtihani wa ushonaji ulikuwa umebadilishwa: mbali na kushona, mwanafunzi alitakiwa kukaa mbele ya mtahini na kueleza kazi yake kwa Kiingereza. Wanafunzi wa Mwalimu Kageha waliingia wakiwa na nguo ambazo ungeweza kuzivaa nje ndani bila mtu kugundua. Walitoka wakiwa wameanguka karibu wote.

Mfano mmoja unatosha. Kijana anayeitwa Osiako, mkono mwepesi kuliko wote darasani, alionyeshwa shati la pamba lililoingia maji likawa dogo. Mtahini akauliza limekuwaje. Kiswahili chetu ni wazi: kitambaa kimerudi. Osiako akatoa neno, akaweka lingine, akafunga tai. “Sir, it went back.”

“Back where?” akauliza mtahini.

Osiako alifikiri kwa makini. Akajibu kwamba pengine limerudi dukani.

Mwenzake alitaka kusema kitambaa kinachuja rangi, akasema, kwa Kiingereza chake, kitambaa kinachekecha kama ungo. Mwingine, akimaanisha kupiga pasi, alisema kwamba kabla ya kumpa mteja nguo yake ni lazima kuipiga, na akamhakikishia mtahini kuwa Mwalimu Kageha anaipiga vizuri zaidi.

Mkuu wa chuo, Bi. Teresa Naliaka, alimwita ofisini. Sikuwepo, lakini ukuta wa ofisi ile ni ndugu wa ukuta wangu. Bodi ilikuwa imekaa na kuamua: matokeo kama haya yakija mara ya pili, idara ya ushonaji itafungwa na chumba kitafundishiwa kutengeneza simu. Mwalimu Kageha alirudi karakanani bila kusema neno. Alikaa kwenye cherehani yake, akakanyaga kanyagio bila kitambaa chochote chini ya sindano. Nilizima mashine yangu. Kwa mara ya kwanza nilijua kelele zake zilikuwa zinanisaidia kufanya kazi.

Kesho yake alikuwa ameshapata dawa. Kuanzia asubuhi hiyo, alitangaza, ndani ya karakana yake hakuna Kiswahili, hakuna Kiluhya, hakuna Sheng. Ni Kiingereza mpaka mtihani. Atakayeuliza swali kwa lugha nyingine hatajibiwa. Sylvia Chepkorir, mkufunzi wetu kijana wa mawasiliano, alikwenda kumwambia kwa adabu kwamba angependa kusaidia. Mwalimu Kageha alimshukuru, akamwambia kwamba alianza kusema Kiingereza Sylvia akiwa bado anabebwa mgongoni. Sylvia akarudi zake.

Karakana ikanyamaza. Mimi upande wangu nilidhani ni nidhamu.

Katika siku hizo hizo ilikuja kazi kubwa ya majoho ya kwaya. Kwaya moja ya huko Malava, kwa Wakabras, ilikuwa inajiandaa kwa sherehe ya miaka hamsini ya kanisa lao. Wengi wao ni wakulima wa miwa, na kitambaa walichotuletea, satini ya zambarau, kilikuwa jasho la msimu mzima. Mwenyekiti wao, Mzee Osundwa, alikileta mwenyewe kikiwa kimefungwa ndani ya shuka safi. Alimkabidhi Mwalimu Kageha kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto.

“Mama Shantel,” alimwambia, akimwita kwa jina la mwanawe, “hiki hakina ndugu. Kikiharibika, tutaimba na mashati.”

“Mzee, wewe lala usingizi,” akajibu.

Sasa, satini ina uso na mgongo. Uso unang'aa, mgongo umefifia. Kila joho lilikatwa vipande viwili vikubwa, cha kulia na cha kushoto, kila kimoja na mkono wake. Kukata alikata yeye. Lakini Jumatano, kabla kushona hakujaanza, habari ikaja kwamba shangazi yake wa Buyangu amefariki, yule yule aliyemfundisha kushika sindano. Ilimbidi aende. Akaandika maagizo ubaoni, kwa Kiingereza bila shaka, akiyanakili kutoka kwenye kitabu cha kozi: “Place right sides together. Sew.” Akafunga kitambaa kichwani, akaondoka akilia.

Kitabu hakikukosea. Mafundi wa Kiingereza wanapotaja “right side” ya kitambaa, wanamaanisha ule uso mzuri unaong'aa. Weka nyuso zitazamane, kisha shona. Wanafunzi wale wangeweza kufanya hivyo wakiwa wamefumba macho. Lakini neno hilo hilo pia ni mkono wa kulia, na mkono wa kulia ndio walioujua. Wakachukua kipande cha kulia cha joho moja wakakiunganisha na cha kulia cha joho lingine. Havikukubali, mpaka kimoja kigeuzwe nje ndani. Wakakigeuza. Vya kushoto vikabaki, wakaona si haki kuviacha, wakaviunganisha vyenyewe kwa vyenyewe.

Ijumaa asubuhi Mwalimu Kageha alirudi kutoka matangani. Majoho yalikuwa yametundikwa ukutani, yamepigwa pasi, mapindo yamenyooka. Na kila joho lilikuwa linang'aa nusu moja tu. Nusu nyingine ilikuwa imefifia kama sufuria ya zamani. Mengine yaling'aa kulia, mengine kushoto.

Nilisikia kiti kikivutwa. Nilikwenda kuchungulia. Alikuwa ameketi, mkoba bado begani. Kufumua haikuwezekana: satini haisamehe sindano, na kila tundu lingeonekana. Kitambaa kingine hakikuwapo. Sherehe ilikuwa Jumapili.

“Nani alifanya hii?” aliuliza, na aliuliza kwa Kiswahili.

“Ni sisi wote, Madam,” alijibu Osiako. “Bodi ilisema kulia na kulia.” Alimaanisha ubao.

“Na hakuna aliyeona?”

Hapo msichana mmoja, Ashley, aliyekuwa amesimama karibu na dirisha, alianza kulia. “Mimi niliona, Madam. Niliona toka joho la kwanza. Lakini Kiswahili ulikataza. Kwa Kiingereza nilijaribu kujipanga moyoni niwaambie, nikakosa pa kuanzia. Wakaendelea tu kushona.”

Nimefanya kazi jirani na Mwalimu Kageha muda mrefu, na nilijua namna tatu za hasira yake. Nilingoja nione ni ipi. Haikuja yoyote. Alivua mkoba begani taratibu. Alimwendea Ashley, akamfuta machozi kwa kipande cha satini kilichobaki, akasema, “Basi kosa si lenu. Mimi ndiye niliwafunga midomo, halafu nikaenda.” Akachukua kifutio, akafuta ubao wote. “Kuanzia leo mtu aulize na lugha aliyo nayo. Hata Kiluhya. Hata na mikono.”

Wengine tulimshauri awaambie watu wa Malava kwamba huo ni mtindo mpya kutoka Nairobi. Alikataa. Alisema Mzee Osundwa alimpa kitambaa kwa mikono miwili, na hawezi kumrudishia uongo kwa mkono mmoja. Jumamosi asubuhi tulipakia majoho kwenye pikapu ya chuo, nikaendesha mimi, naye akiwa kando yangu, hadi katikati ya mashamba ya miwa. Hapo alisema, “Makhanu, wakitufukuza, usizime gari.”

Kwaya ilikuwa mazoezini uani mwa kanisa. Mwalimu Kageha aliwasimulia yote, kuanzia mtihani hadi ubao, bila kujipunguzia hata pindo moja. Mzee Osundwa alilishika joho la kwanza, akaligeuza mbele, akaligeuza nyuma. Kisha akasema kwa huzuni:

“Mama Shantel. Hii ni nusu Jumapili, nusu Jumatatu.”

Mtu mmoja wa sauti ya nne alishindwa kujizuia akacheka. Ikawa ni kama bwawa limepasuka. Walicheka hadi wengine wakakaa chini kwenye nyasi. Mwalimu Kageha, ambaye alikuwa amejiandaa kutukanwa na si kuchekwa, alisimama akiwa amekunja uso kwa muda, kisha naye akaanza, na akicheka yeye ng'ombe wa jirani hujibu. Mzee Osundwa peke yake hakucheka. Alikuwa amelivaa joho lake na anageuka geuka juani, akijitazama mkono huu, kisha ule.

“Hebu vaeni,” alisema. “Wa kung'aa kulia waende huku. Wa kung'aa kushoto huku. Haya, imbeni, mkiyumba.”

Waliimba wakiyumba. Wakienda upande mmoja, mwanga ulipita juu yao kama upepo juu ya miwa, ukafika katikati ukazimika, ukarudi. Nilikuwa nimeshika ufunguo wa gari tayari. Niliurudisha mfukoni.

Jumapili ilikuwa sherehe, na kwaya zilikuwa nyingi, lakini watu walitazama moja. Baada ya ibada viongozi wa kwaya mbili walimzunguka Mwalimu Kageha wakitaka kujua ule ni mtindo gani. Hapo ningeelewa kama angenyamaza tu na kupokea sifa.

“Huo si mtindo,” aliwaambia. “Huo ni Kiingereza.”

Walitazamana. “Basi, Madam,” akasema mmoja, “na sisi utushonee na Kiingereza hicho hicho.”

Jumatatu yake alikwenda ofisini kwa Sylvia Chepkorir akiwa na chupa ya chai na sahani ya mandazi, na alibisha hodi, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Nilikuwepo kwa sababu ya mandazi. Sylvia alimweleza kwamba maneno yana marafiki, na kila lugha ina urafiki wake. Huwezi kuchukua neno moja ukaacha rafiki yake nyumbani. Kwa Kiingereza kitambaa hakirudi popote, “it shrinks”. Kikipauka juani, “it fades”. Kikichuja ndani ya maji, rangi ndiyo hukimbia, “the colour runs”.

Mwalimu Kageha aliweka kikombe chini. “Inakimbia? Rangi haina miguu!”

“Sawa, Madam,” alijibu Sylvia. “Na pasi imekosa nini mpaka tunaipiganga?”

Nadharia ya tai iliisha pale. Aliicheka mwenyewe, akachukua andazi la pili, akasema, “Endelea, mwanangu.”

Kilichofuata chuo kizima kinakikumbuka. Maneno hayakuandikwa ubaoni tu. Yaliandikwa kwenye vipande vya karatasi yakabanwa kwa pini juu ya vitambaa vyenyewe, kila neno na rafiki yake. Sylvia alileta Kiingereza, Mwalimu Kageha alileta kitambaa, na mara nyingi walibishana juu ya kipi kije kwanza. Walileta khanga ya bei rahisi kutoka Lubao, wakaitumbukiza kwenye beseni, darasa zima likainama kusubiri. Maji yalipoanza kuwa mekundu, ilipigwa kelele, “The colour runs!” hadi mwanafunzi wangu akaangusha kinyago chake cha kuchomelea. Ukuta ukafanya kazi yake. Niliporudi nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba pazia “has faded”. Akanitazama juu mpaka chini, akasema hata mimi kwa kupauka sijabaki nyuma.

Mtihani ulipokuja tena, mtahini alikuwa yule yule. Nasikia alimkumbuka Osiako, akatoa shati lile lile. “Sir, it has shrunk,” alisema Osiako bila kutetemeka. Mtahini akafurahi, akauliza fundi afanye nini baada ya hapo. Hilo hawakuwa wamelisoma. Osiako alifikiri, akasema kwamba baada ya hapo fundi ajifiche. Alipita. Walipita wote, isipokuwa mmoja aliyechelewa kwa sababu ya mvua, naye akapita mwaka uliofuata. Bodi haikutaja simu tena. Bi. Naliaka alikuja karakanani kutoa pongezi rasmi, na kabla hajaondoka alikuwa amepimwa suti.

Tangu wakati ule idara imekua hadi vyumba viwili. Mafundi wake wana vibanda kuanzia Lubao hadi Mumias. Osiako anashona majoho ya kwaya tu, ya kung'aa pande zote, na ya nusu kwa wanaoyaagiza. Katika makabati yetu ya tuzo, vikombe vya ushonaji ni vingi kuliko vya uchomeleaji, jambo ambalo Mwalimu Kageha hajawahi kulitaja zaidi ya mara moja kwa siku.

Anayechukua idara hiyo ni Ashley, yule yule wa dirishani, ambaye alirudi kwetu akiwa mkufunzi na siku hizi husema hata asipoulizwa. Wiki iliyopita aliongoza wanafunzi kumshonea mwalimu wao nguo ya kuagia. Ilibidi wampime. Aliposimama katikati ya karakana na mikono yake ikiwa imenyooshwa, ndipo tulipogundua kwamba katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumpima. Alijishonea mwenyewe kila kitu. Ashley alizungusha utepe kiunoni. Mwalimu Kageha akavuta tumbo ndani, akatazama dari, akakaa hivyo. Tuliona machozi yakishuka, naye hakuweza kuyafuta kwa sababu ya mikono.

“Pumua, Madam,” alimwambia Ashley kwa upole. “Pumua, nikupime ulivyo.”

Akapumua.

Kwa niaba ya wakufunzi, wafanyakazi na wanafunzi wa Lukhaya, tunakushukuru, Mwalimu Kageha. Orio muno. Shantel na wajukuu wanakupata sasa mzima mzima, na tunawaombea uvumilivu. Mungu akupe siku nyingi, magoti yasiyouma, na majirani wenye kuta nene kuliko ukuta wangu. Mimi nimekataa wangu usijengwe upya. Nenda na amani, mama; tunakutakia maisha mema yenye nafasi ya kutosha mabegani.

Phineas Makhanu
Idara ya Uchomeleaji